Mkono Uliobaki

Mpira ulianguka kwa mara ya nne, ukabingirika chini ya benchi na kutulia karibu na mguu wa mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake. Mzee akaurudisha kwa ncha ya fimbo. Chumba cha mazoezi cha hospitali hakikuwa na pazia wala kona ya kujificha. Aliyeshindwa, alishindwa mbele ya kadamnasi.

"Tujaribu tena, mama," alisema dada wa mazoezi. Aliuweka mpira katika kiganja cha kulia cha mgonjwa wake, akamkunjia vidole kimoja kimoja. "Finya kidogo tu. Hunikumbuki, Mwalimu? Wewe ndiye uliyenishikisha penseli. Nilikuwa naishika kama mwiko, ukanikunja vidole hivi hivi mpaka nikajua."

Aliyasema kwa nia njema, akitaka kumtia moyo. Lakini Mwalimu aliutazama mkono wake uliolala kwenye meza kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine, na macho yakamjaa machozi. Alikuwa amefundisha chekechea miaka ishirini na sita. Nusu ya watu wa mtaa ule walijifunza kuandika majina yao chini ya macho yake. Sasa mwanafunzi wake alikuwa akimkunja vidole, na vidole havikunjiki.

"Nyumbani," alisema. Tangu kiharusi kimpige, miezi miwili nyuma, maneno yake yalikuwa yanatoka moja moja, na mengi hayakutoka kabisa.

Mumewe alimnyanyua. Watu walimwita Fundi Geti kwa sababu mageti mengi ya mtaa yalitoka kwenye karakana yake. Alikuwa mtu wa mabega mapana na vidole vinene vilivyojaa makovu ya cheche. Walipofika mlangoni, dada wa mazoezi alimvuta kando.

"Baba, mkono usiotumika ni kama bawaba ya mlango usiofunguliwa. Nyinyi mafundi mnajua inakuwaje."

"Inashika kutu."

"Basi. Hii miezi ya mwanzo tusiipoteze. Usimwache akate tamaa."

Nje, kwenye ngazi, mama mmoja muuza ndizi aliwatazama, akasita, kisha akamwambia Fundi kwa sauti ya chini, "Samahani baba yangu. Gauni la mama umemvalisha nyuma mbele." Fundi akatazama. Vifungo vilikuwa mgongoni. Walikuwa wamekaa hospitali saa tatu nzima, na Mwalimu alikuwa anajua, ila neno la kumwambia lilikuwa limemkatalia.

*

Baada ya siku hiyo Mwalimu hakutaka tena kusikia habari ya hospitali. Siku ya kliniki ilipofika, Fundi alimwekea viatu karibu na kitanda. Mwalimu akavisukuma kwa mguu mzima mpaka uvunguni. Fundi akabembeleza, akanyamaza, akabembeleza tena. Alijaribu ukali kidogo, akajiona mpumbavu, akaacha.

Kazi nayo ilikuwa imelegea. Karakana ilikuwa hatua ishirini tu kutoka barazani, lakini fundi anayezima mashine kila nusu saa kwenda kumgeuza mgonjwa si fundi wa kumaliza geti. Mteja mmoja alikuja kuchukua vyuma vyake akavipeleka kwingine. Hakugombana, alisema pole, na ile pole ilimuuma Fundi kuliko matusi.

Binti yao wa pekee alifanya kazi katika duka la dawa, mji mwingine, na alipiga simu kila mchana, naye Fundi aliiweka kwenye spika.

"Baba, mama amekula nini leo?"

"Wali."

"Wali na nini?"

Fundi aliitazama sufuria. "Wali," akarudia.

"Na kliniki?"

"Amekataa. Si unamjua mama yako."

"Baba, mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

"Kumpeleka wapi? Ana kwake."

"Usikasirike baba yangu. Wewe ni fundi wa vyuma. Mama si chuma."

Fundi aliiweka simu juu ya meza na kugeuka. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, mlango wazi, na alikuwa amesikia kila kitu. Hakuonekana kufurahi, wala kuhuzunika. Aligeuza uso akatazama ukuta, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani.

*

Jumamosi moja Fundi alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni, akitafuta shuka safi. Shuka safi zilikuwa zimekwisha. Chini kabisa, chini ya mapazia ya zamani, mkono wake uligusa mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba. Akaufungua. Ndani yake kulikuwa na sweta la kijivu, au tuseme vipande vya sweta: mgongo, kifua, mkono mmoja uliokamilika, na mkono wa pili ulioishia kwenye kifundo, urefu wa vidole vinne, sindano zake mbili bado zimechomekwa. Mabonge mawili ya uzi wa sufu yalikuwa kando, na vidonge vya kuzuia nondo vimekwisha kuwa unga.

Fundi alikaa sakafuni. Alilijua sweta lile.

Miaka kumi na minne iliyopita, majira ya baridi, alirudi kutoka karakana na wenzake watatu kuja kunywa chai. Mwalimu alimwita asimame kidogo, ampime mgongo. Akamwekea kipande cha sweta begani. Mmoja wa wale wenzake akasema Fundi siku hizi anavishwa kama mtoto wa chekechea, wote wakacheka, na Fundi, kwa kutaka kuonekana mwanamume kati ya wanaume, akasema, "Hili mimi silivai. Litafaa kufunikia jenereta." Wakacheka zaidi. Mwalimu naye alicheka, akawamiminia chai. Baada ya hapo hakulishika tena. Aliendelea kuwafumia watoto wa watu, kofia na soksi, mwaka mmoja au miwili hivi, kisha akaacha kufuma kabisa. Fundi hakuwahi kuuliza. Alidhani limesahaulika.

Aliubeba ule mfuko mpaka kitandani. "Mama watoto, ona nilichokiona."

Mwalimu aliutazama. Uso wake, ambao upande mmoja ulikuwa umelegea, ulikaza upande wa pili. "Tupa," alisema.

"Nitupe vipi kitu kama hiki? Umebaki mkono mmoja tu."

Mdomo wake ulianza kuhangaika. Fundi alikuwa ameizoea ile hali, neno linakuja mpaka kwenye meno kisha linarudi. Alitaka kumsaidia, akajizuia. Mwalimu alifumba macho, akavuta pumzi, akasema polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayewasomesha watoto ubaoni:

"Je. Ne. Re. Ta."

Halikuwa limekosewa hata herufi. Katika miezi miwili, lile lilikuwa neno refu kuliko yote aliyoyatamka sawasawa.

Waliosema mzaha mzaha hutumbuka usaha walijua walisemalo. Fundi alisimama pale na mfuko mkononi, mwanamume wa miaka sitini na moja, akatamani sakafu impasukie. "Nilikosea," alisema. "Nilikosea siku ile ile, na nilijua." Mwalimu hakusema tena atupe.

*

Jumatatu Fundi aliuchukua ule mkono wa sweta mpaka kwa jirani yao Mama Cherehani, aliyeshona nguo kwenye kibaraza chake, mkabala na karakana.

"Nifundishe hii inavyokwenda," alimwambia.

Mama Cherehani aligeuza kile kipande huku na huku. "Mimi nashona, shemeji, sifumi. Kazi ya sindano mbili mtaa huu alikuwa anaijua mmoja tu, na huyo unalala naye nyumba moja."

Akarudi nyumbani. Alivuta kiti akaketi barazani mahali ambapo Mwalimu angemwona kutoka kwenye kiti chake, akavaa miwani, akashika sindano mbili kama mtu anayeshika vijiti vya kuchomelea. Hakuwa anamtega mkewe. Aliamini kweli kwamba mtu aliyeunga vyuma miaka arobaini hawezi kushindwa na uzi. Akachomoa sindano moja ili aone vitanzi vilivyokaa, navyo vitanzi, vikiwa havina pa kushika, vikaanza kufumuka kimoja baada ya kingine.

"Siyo!"

Sauti ile ilimfanya Fundi aruke. Ilikuwa sauti ya darasani, ya kumsimamisha mtoto aliyeko upande wa pili wa uwanja.

"Siyo," alirudia Mwalimu, kwa upole kidogo, akanyosha mkono wa kushoto. "Lete."

Aliipokea ile kazi, akaiweka mapajani, akavitazama vile vitanzi vilivyokuwa vinakimbia. Mkono wa kushoto ulijua la kufanya. Ulishika sindano, ukatafuta kitanzi cha kwanza, ukakinasa, kazi ikateleza ikaanguka. Hapakuwa na mkono wa pili wa kuishikilia. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Fundi aliona kidevu chake kinaanza kutetemeka, na akajua dakika moja mbele atasema tupa, na safari hii itakuwa kweli.

Akasogeza kiti, akakaa upande wake wa kulia, bega kwa bega, akanyosha mkono wake wa kulia mpaka kwenye mapaja ya mkewe.

"Wewe shika ya kushoto," alisema. "Mimi nitakuwa huu wa kulia. Niambie nifanye nini."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Ule mkono wenye makovu ulikuwa unasubiri, mzito kama nyundo. Akatafuta neno.

"Kijiko," alisema, kisha akakunja uso kwa hasira, maana alijua silo.

"Sawa. Kijiko hiki hapa," akajibu Fundi, akaichukua sindano. "Niingize wapi?"

*

Kwa siku tatu za kwanza hawakusonga hata mstari mmoja. Vitanzi vilikuwa arobaini na nne, na kila wakifika cha ishirini Fundi alikuwa amevuta uzi kwa nguvu za kukunjia nondo za chuma. Mwalimu alikuwa na maneno manne ya kila kitanzi, na siku ya pili yalikuwa yanatoka bila kukwama: "Ingia. Zungusha. Toa. Angusha." La tano lilikuwa "Fumua," na Fundi alilisikia mpaka akaliota.

"Mwalimu, hapa si pabaya sana."

"Fumua."

"Nani ataona? Ni upande wa ndani wa mkono."

"Mimi."

Akafumua.

Walifuma asubuhi baada ya uji na alasiri jua likiwa limeondoka barazani. Katikati Fundi alifanya kazi ya vyuma, na aliifanya vizuri zaidi, maana mgonjwa aliyekuwa akimwita kila nusu saa sasa alikuwa na jambo la kufikiria. Mkono wa kulia wa Mwalimu waliuweka juu ya mto mdogo, kati yao. Fundi, akiwa amechoka na uzi uliokuwa unakimbia huku na kule, alianza kuupitisha katikati ya vidole vile vilivyolala, ili upite taratibu kutoka kwenye beseni la plastiki mpaka kwenye sindano. Hakuwaza habari ya tiba. Alitaka tu pa kuuegemeza.

Sindano iliendelea kuitwa kijiko. Siku ya saba Mwalimu alisema "sindano" katikati ya maneno mengine bila kutambua, na Fundi hakusema kitu, akihofia asilitishe neno likatoroka.

Siku moja alasiri Kaka Rangi alipiga hodi. Huyu ndiye aliyepaka rangi mageti ya Fundi, wakigawana kivuli cha karakana moja tangu ujana, na siku ile ya chai alikuwamo. Aliingia bila kusubiri kuitikiwa, akasimama.

"Shemeji, shikamoo ya heshima," alimwambia Mwalimu, maana hata utani wake ulianza kwa adabu. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Leo nimekufumania."

"Umenifumania na nani? Huyu ni mke wangu."

"Nimekufumania unafuma."

Akaondoka na brashi aliyoifuata. Kesho yake asubuhi Fundi alikuta watu watano kwenye benchi la karakana, ambalo kwa kawaida lilikaa mtu mmoja. Walimwacha aanze kuchomelea. Kisha mmoja akasema anaomba kuagiza soksi. Mwingine akauliza kama geti lake litakuja na maua ya uzi. Wakacheka, na Kaka Rangi akacheka zaidi ya wote.

Fundi alizima mashine. Alijua kwamba barazani, hatua ishirini, Mwalimu ameketi na kila neno linamfika. Alivua kinga ya uso akaishika mkononi.

"Ni kweli nafuma," alisema. "Mke wangu alinifumia sweta miaka kumi na minne iliyopita, nikalicheka mbele ya watu. Kaka Rangi alikuwepo, anajua. Nililicheka kwa sababu nyinyi mlikuwa mnatazama. Sasa nalimalizia. Anayetaka kucheka acheke, mimi simo."

Mmoja akaanza kuchokora kucha. Mwisho Kaka Rangi akakohoa.

"Mimi nilitaka kujua rangi tu," alisema.

"Kijivu."

"Kijivu kizuri. Hakionyeshi uchafu."

Fundi akavaa kinga yake akawasha mashine. Mchana alipokwenda nyumbani alimkuta Mwalimu amekwisha kusogeza kiti mwenyewe, kwa mkono mmoja na goti, na beseni la uzi liko mahali pake. Alisema, "Umechelewa."

*

Ilikuwa siku mbili baadaye. Mkono wa sweta ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Fundi alivuta uzi, uzi ukagoma. Akavuta tena. Alidhani umenasa kwenye mguu wa kiti, akainama kutazama, haukuwa umenasa. Akafuata uzi kwa macho, kutoka kwenye beseni kwenda juu, mpaka kwenye ule mto mdogo.

Kidole cha shahada na kidole gumba cha Mwalimu vilikuwa vimeubana.

Havikuwa vimebana sana. Mtoto angeuchomoa. Lakini vilikuwa vimegusana, na uzi ulikuwa katikati yao, na haukupita. Mwalimu alikuwa anavitazama kana kwamba ni ndege aliyetua, ambaye ukisogea ataruka.

"Ni wewe?" aliuliza Fundi kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Uachie."

Alikaa muda. Jasho jembamba lilimtoka juu ya mdomo. Vidole vikaachana, uwazi wa upana wa shilingi. Uzi ukapita.

"Ubane tena."

Mara hii ilichukua muda mrefu zaidi, lakini ulibana. Hawakufuma tena siku ile. Walikaa wakibana na kuachia mpaka Mwalimu akachoka akasinzia kwenye kiti, na Fundi akaenda jikoni kupika. Akapika wali, na safari hii akakumbuka na maharage.

*

Binti aliwasili siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, bila kusema, na gari la kukodi likimsubiri nje. Alikuwa amekuja na begi tupu la nguo za mama yake. Aliingia barazani akawakuta wamekaa bega kwa bega, baba yake na miwani puani, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, anafuma.

Akawaamkia wote wawili. Akaingia ndani. Walimsikia akifungua sufuria, akivuta mapazia, akihesabu vidonge kwenye kasha la dawa. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, wiki tatu mama hajakanyaga kliniki."

"Hajakanyaga."

"Na nyinyi mko hapa mnacheza na uzi."

"Si mchezo huu, mwanangu. Kaa nikueleze."

"Nini cha kueleza? Shuka chafu, jikoni moshi mpaka dari. Sikulaumu, baba, umejitahidi, lakini mtu aliyepigwa na kiharusi anahitaji mazoezi ya kitaalamu na mtu wa kumwangalia. Nimekwisha kumwandalia chumba. Karibu na kwangu kuna hospitali. Gari liko nje."

"Yeye umemuuliza?"

"Baba, atanijibuje?"

Fundi akainuka. Walikuwa wamesimama mmoja huku na mmoja huku, wakizungumza juu ya kichwa cha Mwalimu, kama watu wanaopatana bei ya kabati.

"Mimi niko hapa," alisema Mwalimu.

Binti akageuka. Mara ya mwisho alipokuwa nyumbani, mama yake alikuwa akisema "maji" akimaanisha mlango.

"Mama?"

"Niko hapa. Usi..." Neno likakwama. Alifumba macho, akapumua kama anavyofanya kila siku kabla ya mstari mpya. "Usinipite juu."

Binti alipiga magoti sakafuni na suruali yake ya kazini. Mwalimu akauinua ule mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akamwekea juu ya kiganja, kisha akauachia. Kidole gumba na cha shahada vikabana ncha ya kidole cha binti. Kidogo tu. Binti alijua magonjwa, alikuwa amesoma, hakuhitaji kuelezwa. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyekuwa amekibeba kwa muda.

"Kila simu ikilia nilikuwa naogopa kuipokea," alisema. "Nilijua baba hataniambia kweli. Nikisikia wali tu nalia huko huko dukani."

"Siku hizi ni wali na maharage," alisema Fundi.

Mwalimu alikuwa bado hajamaliza. Alinyosha kidole cha mkono wa kushoto, kama zamani, akihesabu hoja.

"Kwako, hapana. Hapa ni kwangu." Kidole cha pili. "Kliniki, ndiyo. Umesema kweli." Akamtazama mumewe. "Na gauni. Vifungo mbele."

Gari la kukodi likaambiwa liende. Binti alikaa siku nne. Aliosha shuka, akasugua jikoni, akamtafuta mjane mmoja wa mtaa wa pili aje asubuhi kumsaidia mama yake kuoga na kuvaa. Fundi alitaka kubisha kwamba anaweza mwenyewe, lakini aliliangalia gauni likining'inia mlangoni, akakubali. Jioni ya mwisho binti alikaa upande wa kulia wa mama yake kwa saa nzima, akijaribu kuwa mkono. Alikuwa mbaya zaidi ya baba yake. Alifumuliwa mara sita.

*

Mkono wa sweta ulikwisha wiki ya pili ya mwezi uliofuata. Mama Cherehani aliviunganisha vipande vyote, hakutaka malipo, ila alisema pale walipofuma wawili panatambulika hata gizani, maana vitanzi vinabana kama vimechomelewa. Fundi akalivaa mbele ya kioo. Katika miaka kumi na minne tumbo lake lilikuwa limekwenda mbele, nalo sweta lilibaki pale pale. Lilimkaa kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mkono wa kushoto ulifika kwenye kifundo. Wa kulia uliishia kabla ya hapo, mgumu, ukivuta upande.

"Tufumue?" aliuliza.

Mwalimu alikagua kwa muda. Kisha akacheka, mdomo ukipanda upande mmoja na wa pili ukijitahidi kuufuata. "Hapana. Vaa."

Alilivaa siku ya kliniki. Walikaa kwenye benchi lile lile la chumba cha mazoezi. Dada wa mazoezi aliusikiliza mkono wa Mwalimu kama mtu anayesikiliza bawaba ya mlango, akaukunja, akaukunjua, akauliza walifanya nini. Fundi akamweleza. Akasema hilo halimo katika vitabu vyake, lakini uzi uje kila siku ya kliniki, pamoja na mpira. Mwalimu akaufinya mpira. Ulianguka mara mbili. Mara ya tatu alikaa nao kwa muda wa kuhesabu mpaka saba.

Pembeni yao alikuwa ameketi mwanamume mkubwa, mgeni, ambaye hakuwa amezungumza na mtu tangu asubuhi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kifuani. Alikuwa na bucha, dada wa mazoezi alieleza, sasa limefungwa. Alikuwa amekataa mpira, amekataa kamba, amekataa hata kutazamwa.

"Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe," alisema yule mwenye bucha, akimwambia ukuta. "Mimi nimeyaona."

Mwalimu alimtazama. Akautazama mkono wa kulia wa mtu yule, mzima, mkubwa, uliolala juu ya goti bila kazi. Kisha akatoa sindano na bonge la uzi kwenye mfuko. Alikuwa ameanza kofia, ya mtoto wa mtu.

"Sogea," alimwambia.

"Mimi?"

"Wewe. Wa kulia unao. Mimi wa kushoto ninao. Sogea."

Mwenye bucha alimgeukia Fundi, kama mwanamume anayemtafuta mwanamume mwenzake amwokoe. Fundi alijitazama, sweta la mikono miwili isiyolingana, akainua mabega. "Usimbishie," alisema. "Na usivute uzi. Atakufumulisha."

Benchi likalia yule mtu alipojisogeza. Mwalimu akampa sindano ya kulia. Aliishika kama kisu, akarekebishwa, akaishika tena. Mzee mwenye fimbo aliinuka akaja kuona. Fundi alikuwa amesimama bado, akingoja kuombwa maji, au mto, au chochote.

Mwalimu akainua macho akamwona.

"Kuna geti la watu," alisema. "Nenda kazini. Uje saa sita."

Ilikuwa sentensi nzima, na alikwisha kuinama tena juu ya kitanzi cha kwanza, akimweleza mwenye bucha pa kuingilia. Fundi alisubiri kidogo, kwa mazoea. Hakuna aliyemhitaji. Akatoka, akashuka ngazi za hospitali, akaenda kazini.